Injini Aliyoniuzia Baba Mkwe Wako

Bungoma, Ijumaa jioni

Nasimiyu, mama yangu,

Shangazi zako wamekwisha kukupa maagizo ya kujaza debe: namna ya kuwasalimu wazee wa Kitale, saa ya kuamka, nani apakuliwe kwanza na nani angoje. Mimi sina la kuongeza hapo, wala sijui kupika. Ninataka kukuandikia habari za yule mzee ambaye kuanzia kesho utamwita baba, na kwa nini mimi niliyekuzaa ninamchukia mpaka leo.

Naandika kwa sababu ya swali lako la mchana. Ulikuwa unafunga kile kitambaa cheupe mbele ya pikapu, mimi nimeinama ndani ya boneti, ukaniuliza kwa sauti ya chini ili mamako asisikie, "Baba, unanioza ama unanituma?" Nikajifanya nasikiliza injini. Injini yenyewe ilikuwa imezimwa. Ukaondoka bila kungoja jibu, na mimi nimekaa na hilo swali tangu saa nane. Jibu ni hili, na ni refu kidogo.

Nyongesa na mimi ni wa rika moja. Tulisimama kiwanjani asubuhi moja, tumepakwa tope la mto, na kisu kikatoka kwake kikaja kwangu. Watu waliotahiriwa pamoja namna hiyo huitana bakoki mpaka mmoja azikwe. Humnyimi chakula, humpeleki kwa chifu, na akikuuzia kitu hukikagui. Ukifungua mdomo wa ng'ombe wa mtu wa rika lako kuhesabu meno, umekwisha mwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mwizi. Wewe umesoma na mambo haya unayaona ya kizee, lakini mimi nilikua ndani yake, na Nyongesa pia. Alijua vizuri kwamba sitakagua.

Tulikwenda vitani pamoja vilevile. Mimi nilirudi nikiwa dereva, yeye akarudi fundi. Kwa malipo ya jeshi nikanunua hii pikapu kwa mzungu mmoja wa Kitale aliyekuwa anahama. Alicheka aliponipa ufunguo, na kwa kweli alikuwa na haki ya kucheka. Ringi zilikuwa zimekwisha, pistoni zinacheza ndani ya silinda, na moshi wa buluu ulitutangulia sokoni. Ilikunywa oili kuliko petroli. Lakini nilikuwa nimepata kazi ya kubeba kahawa ya chama cha wakulima kutoka Kapsokwony mpaka stesheni hapa Bungoma, na nani mwingine alikuwa na gari? Kwenye ile milima abiria walishuka wakasukuma. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yako ilikuwa kutembea nyuma na jiwe, uweke chini ya gurudumu nikisimama. Ulilia siku moja jiwe lilipokuponda kidole. Nikakwambia nyamaza, mtoto wa dereva halii.

Ilikuwa lazima nibadilishe injini. Mpya ilitoka ng'ambo, na bei yake ingenunua shamba. Kuchonga silinda na kutia pistoni mpya kulihitaji kupeleka injini Nairobi, gari likae miezi mitatu, na kahawa haingoji mtu. Ikabaki injini kuukuu. Nyongesa alikuwa na kiwanja cha magari mabovu pembeni mwa Kitale, upande wa Kipsongo, na aliposikia shida yangu alituma mtu haraka. Alikuwa nayo moja ya aina ileile ya gari langu.

Nilikwenda na mamako. Nyongesa alikuwa ameiweka juu ya magogo, akaiwasha, ikaimba vizuri kabisa. Alisimama pale na kitambaa begani, ananiangalia ninavyofurahi. Mamako akanivuta shati akaninong'oneza, "Baba Nasimiyu, si ufungue chini uone?" Nilimwonea aibu, nikamwambia kwa sauti, Nyongesa asikie, kwamba mimi sihesabu meno ya ng'ombe wa bakoki wangu. Nyongesa akacheka sana. Akasema, "Huyu ndiye mwanamume tuliyesimama naye!" Nikajiona mkubwa.

Kulipa, niliuza ng'ombe wa mamako. Unamkumbuka, yule mwekundu mwenye baka jeupe begani, ambaye mamako alipewa na kaka yake. Hakuwa wangu. Mamako hakusema ndiyo wala hapana, alimfungua kamba mwenyewe akanipa, na mimi nikachukua kule kunyamaza kuwa kukubali. Mwanamke akinyamaza namna ile, mama yangu, mwanamume mwenye akili huirudisha kamba mahali ilipokuwa.

Tuliipandisha injini kwa mnyororo kwenye tawi la mkuyu wa jirani, wanaume sita tunavuta na mmoja anaelekeza. Kwa wiki tatu nilikuwa mfalme. Nilipanda Kapsokwony bila mtu kushuka. Ndipo siku moja, narudi na mzigo uliojaa, nikaanza kusikia mlio mdogo wa kugonga chini ya injini, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole. Nikapunguza mwendo, ukapungua. Nikaongeza, ukaongezeka. Nilipofika kile kilima cha mwisho kabla ya mto, kono la pistoni likakatika, likatoboa ubavu wa injini, oili yote ikamwagika barabarani. Mvua ikaja. Nilikaa pale siku mbili na kahawa ya watu inaloa na kuchacha, na hakuna mtu aliyepita na gari.

Nilipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nyumbani ndipo nilipomwona Nyongesa ndani. Kwenye kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, mahali beringi ilipokuwa imekwisha, alikuwa amezungusha ukanda wa ngozi ya mshipi, umekatwa sawasawa kwa mkasi. Kisha alitia oili nzito. Ngozi na oili nzito hunyamazisha ule mlio kwa muda. Injini itaimba kiwanjani, itaimba barabarani siku kadhaa, kisha ngozi inaungua na chuma kinakutana na chuma. Huu si uzembe wa fundi. Mtu alikaa chini, akavua mshipi, akapima, akakata, huku anajua nani anakuja kununua.

Nilikwenda kwake na kile kipande. Hakukana hata. Alikitazama, akakigeuzageuza, akaniambia, "Bakoki, sasa wewe unafungua baadaye? Si ungeangaria mapema, bana. Gari ni chuma, si mtoto wangu ati nikuapie." Nyuma yake kulikuwa na lori lililopakwa rangi mpya. Wiki iliyofuata lori lile ndilo lililopanda Kapsokwony kuchukua kahawa, kwa sababu chama kilisema mimi nimeharibu mzigo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuniuzia injini kwa ajili ya pesa ya ng'ombe. Alitaka barabara yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa amekwisha kula.

Niliwaita watu wa rika letu. Walikaa, wakanywa, wakasikitika, wakasema watu wa kisu kimoja hawashtakiani. Mmoja akaniambia, "Sahau, bwana. Ulipaswa kumkagua." Mwingine akamjibu, "Angemkaguaje, na ni bakoki?" Wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu desturi, mimi wakanisahau. Nilirudi nyumbani nikaapa kimoyomoyo. Sikuapa kumpiga. Kupiga kunakwisha siku moja.

Injini ya pili niliipata mbali, huko Cherangany mbele ya Kachibora, kwa Singasinga mmoja mwenye mashine ya kupasua mbao. Msumeno wake ulikuwa unazungushwa na injini ya gari la aina yangu, na yeye alikuwa ameagiza ya dizeli. Sikuwa na kitu cha kumpa, kwa hiyo nilimbebea magogo kiangazi kizima kwa mabega yangu, na injini ikawa mshahara. Injini ya msumeno inazunguka mwendo mmoja mwaka hadi mwaka, haijui kilima wala matope. Ukuukuu wake si ukuukuu wa gari.

Lakini safari hii nilikagua. Nilitoa plagi, nikaziba kila tundu kwa kidole gumba huku mtu anazungusha hendeli, nisikie pumzi inavyosukuma. Silinda tatu zilisukuma vizuri, ya nne ilikuwa legelege, nikafungua juu nikakuta valvu imeungua, nikaisaga siku nzima kwa mkono. Nilimwaga oili nikaichuja kwa kitambaa cheupe, nikatazama juani kama kuna vumbi la chuma. Nilifungua sampu, nikashika kila kono la pistoni nikalitikisa. Nilikagua kila beringi, kila moja, natafuta ngozi. Yule Singasinga alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akasema, "Wewe iko tafuta nini? Mimi hapana ficha mtu ndani." Nikamwambia natafuta tu. Akacheka, akaniletea taa.

Nilifunga injini ile peke yangu. Vishikio havikulingana, nikakata vya zamani na kuunga. Giaboksi na klachi niliacha zangu. Rejeta niliizibua kwa majivu na maji moto. Ndiyo iliyomo mpaka leo, na ndiyo itakayokupeleka kesho. Ukitaka kujua nilipata wapi nguvu, hazikutoka kwa Mungu, naomba pasta asilisome hili. Kila boliti niliyokaza nilikuwa nakaza shingo ya Nyongesa.

Sasa nikueleze jambo ambalo hukulijua. Kiangazi kile ulikaa nyumbani muhula mzima, na nilikwambia mwalimu amesema darasa limejaa. Halikujaa. Nilitumia ada yako kununua valvu na mipira ya maji. Uliwaona wenzako wakipita na sare na wewe unapeleka mbuzi malishoni, ukaniamini. Nilikuona ukiwatazama. Nikajiambia nitakulipa nikimaliza na Nyongesa. Kazi ya kahawa sikuirudisha, nilibaki kubeba mahindi na wagonjwa na masanduku ya maiti, na Nyongesa alinunua lori la pili.

Kisha mwaka jana ukarudi kutoka chuo cha walimu ukamtaja Musa. Ukamtaja na baba yake, huku unatazama chini, kwa sababu ulijua habari kidogo. Mamako alishika kifua. Mimi nikasema, "Waje." Mlishangaa nilivyokubali upesi. Mamako alifikiri nimesamehe, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mwenye kovu usidhani kapoa, mama yangu. Mimi nilikuwa nimeona kitu kimoja tu: bakoki hakaguliwi, lakini mkwe hukaguliwa. Ng'ombe wa mahari hufunguliwa mdomo mbele ya watu wote na hakuna anayekasirika, ndiyo desturi. Nilikuwa nimengoja miaka saba kufungua mdomo wa ng'ombe wa Nyongesa.

Siku walipoleta ng'ombe wa mahari ulikuwa jikoni na wasichana, hukuona yote. Nilikagua kutwa. Nilishika meno, kwato, matiti, nikainua mikia. Wawili niliwakataa na walikuwa wazima kabisa. Nyongesa alisimama juani, jasho linamtiririka, ndugu zake wanamtazama. Nilipochoka kukagua nikatoa mfukoni kile kipande cha ngozi, nikakiweka juu ya meza kati ya vikombe, nikauliza kama kuna mtu wa ukoo wake aliyepoteza mshipi. Musa alikuwa amekaa karibu na mlango. Alimtazama baba yake, akatazama ngozi, akatazama tena baba yake. Nakiri kwamba niliona raha ambayo sijawahi kuiona, si siku ya kuzaliwa kwako, si siku vita vilipokwisha.

Nikaongeza sharti. Nikataka ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe begani, si mwingine. Alimtafuta mwezi mzima, nasikia alifika mpaka soko la Kachibora, akamleta mwenyewe kwa miguu. Mgala muue na haki mpe, alimleta. Nilimwita mamako atoke amwone. Alifuta mikono kwenye leso, akasimama kwenye ua, akamtazama yule ng'ombe kwa muda. Akasema, "Huyu si yule." Akarudi ndani kukoroga ugali.

Lile neno nililiweka kando. Nilikuwa bado na shughuli. Maana yale ya ng'ombe yalikuwa salamu tu, Nasimiyu. La kesho ndilo nililokuwa nimelipanga.

Zamani baba hakumsindikiza binti, lakini harusi yenu ni ya kanisa na gari ni langu, kwa hiyo nitakuwepo. Baada ya ibada tutakwenda nyumbani kwa Nyongesa, na yeye mwenyewe, kama baba wa nyumba, atanipakulia sahani ya kwanza ya nyama. Nilipanga kuipokea, kuitazama mbele ya watu wote wa Kitale na wa Bungoma, kuiweka chini, na kusema, "Chakula cha nyumba hii sijui ndani yake kumefichwa nini." Kisha niwashe pikapu niondoke. Nilifanya mazoezi ya maneno hayo barabarani nikiwa peke yangu. Nilikuwa nayasema vizuri.

Unajua maana ya baba wa bibi harusi kukataa chakula cha wakwe. Nyongesa angebeba aibu hiyo mpaka kaburini, na hilo ndilo nililotaka, bado nalitaka. Lakini mimi ningerudi Bungoma, na wewe ungebaki pale. Mama mkwe wako angekula kutoka mkononi mwako akikumbuka. Mtoto wako akiugua wangesema ni ile sahani. Nililijua hilo tangu mwanzo. Nataka uelewe vizuri, nililijua, nikaona ni bei ndogo.

Kisha mchana ukaniuliza lile swali. Nikafikiri ni nani hasa aliyeilipia ile injini mbovu. Ng'ombe alitoka kwa mamako. Muhula ulitoka kwako. Kesho nilikuwa nakutoa wewe mzima. Kwa miaka yote hii ya kulipiza kisasi, Nyongesa ametoa jasho la siku moja na ng'ombe ambaye si yule, na sisi ndio tunaoendelea kulipa. Mtu aliyenifundisha jeshini kukagua chuma kwa kidole gumba hakunifundisha kujikagua mwenyewe, na mimi sikutaka kufungua nione ndani yangu.

Kwa hiyo jibu lako ni ndiyo, nilikuwa nakutuma. Usinitetee kwa mamako kuhusu hili, nitamwambia mwenyewe njiani. Na ukiona vema, mwonyeshe Musa barua hii. Siku ile mlangoni uso wake haukuwa wa mtu anayeficha kitu, na mimi ni mkaguzi mgumu.

Sijamsamehe Nyongesa. Nisikudanganye siku ya mwisho. Akikuinulia sauti mara moja, nitumie habari kwa dereva yeyote wa mahindi, nitafika kabla ya ugali kupoa, na sitakuja na maneno. Nikimwona anatembea nitaendelea kutamani ajikwae. Nikisikia lori lake limekwama nitacheka, na mamako atanikemea, na nitacheka tena nikiwa chooni. Nimezeeka na chuki hii, siwezi kuivua kama shati.

Lakini kesho akinipakulia nitakula. Wewe utakuwa meza ya mbele na Musa, nitazame usoni. Itakuwa nyama ngumu kuliko zote nilizowahi kutafuna, na huenda machozi yakanitoka, watu watasema mzee anamlilia binti yake, waache waseme. Nitamaliza sahani mpaka mfupa. Kisha nitamnyooshea Nyongesa sahani tena, mbele ya wote, niombe aniongeze, na ataniongeza kwa mkono wake mwenyewe, akijua vizuri nakula kwa ajili ya nani.

Ni mimi babako,
Makokha